Mwezi Kuwa Damu: Pale Falaki, Maandiko na Hadithi Vinapotazama Mbingu Moja

Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro dakika nane, mwezi uliokuwa juu ya Uganda ulikuwa na rangi ya tofali lililotoka tanurini. Palipokosa mawingu watu walisimama nje kuutazama. Kama ilivyo ada, ujumbe wa kusambaza nao haukukawia: Yoeli alishasema, mwezi umekuwa damu, tubuni kabla ya asubuhi. Upande wa pili wakajibu kwa kejeli kwamba ni kivuli tu, sayansi ilishaeleza, na Biblia ni hadithi za kale.

Pande hizi mbili hudhani zinapingana, kumbe zimeteleza mahali pamoja. Zote zinasoma sentensi ya nabii, sentensi ya mwanafalaki na sentensi ya mtunzi wa hadithi kana kwamba ni bidhaa za aina moja zinazopimwa kwa mizani moja.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi huu ni wa maneno. Falaki ni elimu ya kupima vitu vya angani: viko wapi, vina ukubwa gani, vinakwenda kwa mwendo gani. Unajimu ni kazi ya kusoma nyota ili kubashiri ndoa, safari au vita. Kiswahili cha mitaani huyachanganya mawili haya, na wapo wanaomwita mwanafalaki mnajimu bila kujua wanamtukana. Isaya 47:13 inawadhihaki wanajimu wa Babeli walioshindwa kuuokoa mji wao. Hapo hakuna neno dhidi ya mtu anayepima umbali wa mwezi.

Fasihi ya kubuni nayo si uongo. Mwongo anataka uamini kwamba jambo limetokea ilhali halikutokea. Mtunzi na msomaji wake wanajua wote wawili kwamba hadithi imebuniwa, na wanakubaliana kuifuata kwa sababu kuna kitu inachokionyesha. Wakristo wamesoma habari za mwana mpotevu karne zote hizi bila kuuliza baba yake aliitwa nani, wala yule ndama aliyenona alikuwa na kilo ngapi.

Neno gumu kuliko yote ni mbingu. Kwa Kiswahili mbingu ni kule mawingu yanakopita, na mbingu ni makao ya Mungu. Kiluganda ni vivyo hivyo: sala inasema "Kitaffe ali mu ggulu", na eggulu hilohilo ndilo lililo juu ya mapaa ya mabati. Tena Ggulu ni jina la baba yake Nambi katika masimulizi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Baganda; ni yule ambaye binti yake aliondoka kwao akasahau nafaka ya ulezi ya kulisha kuku, akarudi kuuchukua, na Walumbe, yaani Kifo, akamfuata nyuma. Neno moja linabeba anga, imani na hadithi kwa mpigo. Mtu akikwambia "mbinguni kumetokea ishara", mwulize kwanza ni mbingu ipi.

Mwezi mwekundu na ratiba yake

Kupatwa kwa mwezi ni jambo la mstari ulionyooka: jua, dunia katikati, mwezi nyuma. Kivuli cha dunia, kikifika umbali wa mwezi ambao ni kama kilomita 384,000, huwa bado na upana wa kilomita 9,000 hivi. Mwezi wenyewe una kipenyo cha kilomita 3,474. Ndiyo maana hauvuki kwa kasi: ile Septemba ulizama mzima kwa dakika 82.

Kwa nini uwe mwekundu badala ya mweusi? Kwa sababu dunia imezungukwa na hewa. Mwanga wa jua unaopita pembeni mwa dunia hupinda kidogo ndani ya hewa hiyo, na sehemu yake ya buluu hutawanywa njiani. Inayobaki ni nyekundu, ileile unayoiona jua likizama nyuma ya Ruwenzori. Mtu angesimama mwezini saa ile angeiona dunia nyeusi tii, imezungushiwa pete nyembamba nyekundu. Pete hiyo ni machweo yote na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Vumbi na majivu ya volkano vikizidi hewani, wekundu hukolea hadi kukaribia weusi: baada ya mlima Pinatubo wa Ufilipino kulipuka mwaka 1991, kupatwa kwa Desemba 1992 kulikuwa kweusi kiasi kwamba mwezi ulionekana kwa shida.

Swali linalofuata huwa hili: kama mwezi hupevuka kila mwezi, mbona haupatwi kila mwezi? Fikiria barabara ya juu pale Clock Tower, Kampala. Gari la juu na gari la chini hupita sehemu moja kwenye ramani, lakini hayagongani kwa sababu yako kwenye vimo tofauti. Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia, kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli. Yapo majira mawili tu hivi kwa mwaka ambapo njia hizo hukutana wakati mwezi umepevuka, na majira hayo yameachana kwa miezi sita.

Hapa ndipo ile hoja ya "miezi minne ya damu", kwamba kupatwa mara nne mfululizo ni ishara ya mwisho, ilipowateka wengi. Mwaka 2014 na 2015 mwezi ulipatwa kikamilifu mara nne mfululizo, na kila mara ilikuwa Pasaka ya Kiyahudi au Sikukuu ya Vibanda. Ajabu? Kalenda ya Kiyahudi inafuata mwezi. Sikukuu hizo mbili huangukia mwezi mpevu, na zimeachana kwa miezi sita. Kupatwa kwa mwezi nako hutokea mwezi mpevu tu, na hurudi baada ya miezi sita. Ni kama kushangaa kwamba kila ukienda sokoni siku ya gulio unawakuta wachuuzi.

Sasa Yoeli mwenyewe. Anasema jua litakuwa giza na mwezi kuwa damu kabla ya siku ya Bwana. Katika Matendo ya Mitume sura ya 2, Petro anayanukuu maneno hayo siku ya Pentekoste, saa tatu ya mchana, na anawaambia wasikilizaji kwamba wanachokiona mbele yao ndicho alichokinena nabii. Hakuna aliyeinua macho kuuangalia mwezi. Isaya 13 nayo inasema nyota hazitatoa nuru na jua litatiwa giza, na sura yenyewe imefunguliwa kwa kutaja inamhusu nani: Babeli. Babeli ilianguka mwaka 539 kabla ya Kristo, nyota zikaendelea kuwaka. Hiyo ni lugha ya falme kupinduka. Sisi wenyewe tunaitumia kila siku bila kuhangaika. Tunasema fulani ana nyota ya jaha, au nyota yake imezimika, au kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na hakuna anayekwenda kutafuta darubini ahakikishe.

Kusema hivyo si kumnyang'anya mtu imani yake. Mkristo anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba ulimwengu huu una mwisho. Asichonacho ni tarehe, na Mathayo 24:36 inamnyima waziwazi. Kupatwa kwa mwezi, kwa upande wake, ni tarehe tupu: kwaweza kupigiwa hesabu karne kadhaa mbele, hadi dakika. Ishara ya ghafla isiyojulikana saa yake haiwezi kuwa jambo ambalo ratiba yake imekwisha chapwa. Na gharama ya kutangaza tarehe za mwisho Uganda inaijua kuliko wengi: lile kundi la kidini la Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, lilikuwa limeutangaza mwisho kuwa 31 Desemba 1999, tarehe ikapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu wakateketea.

Giza la saa sita

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Injili inasema Yesu aliposulubiwa, tangu saa sita palikuwa na giza juu ya nchi yote hata saa tisa. Saa za Biblia huhesabiwa kuanzia macheo, kama zetu. Hatuna haja ya kubadili chochote: ni adhuhuri hadi alasiri.

Wapo wahubiri wanaodhani wanaisaidia Injili kwa kusema jua lilipatwa. Msaada huo unaharibu. Jua hupatwa mwezi mwandamo, wakati mwezi uko upande mmoja na jua. Kusulubiwa kulikuwa Pasaka, mwezi ukiwa mpevu, upande wa pili kabisa wa dunia. Isitoshe, giza kamili la kupatwa kwa jua haliwezi kuzidi dakika saba na nusu mahali pamoja. Waliokuwa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 walilipata kwa chini ya nusu dakika, na walisafiri mbali kulifuata. Hapa tunaambiwa saa tatu nzima.

Wala si wanasayansi wa leo walioligundua hilo. Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, aliikataa hoja ya kupatwa kwa jua kwa sababu hiyohiyo ya mwezi mpevu. Anayeamini giza lile ataliamini kama muujiza, au atasikia ndani yake mwangwi wa Amosi 8:9, ambapo Mungu anasema atalifanya jua litue adhuhuri. Falaki haina la kuongeza, ila kufuta jibu moja lisilofaa.

Nyota iliyosimama

Desemba 2020, sayari za Mshtarii na Zohali zilisogeleana hadi zikaonekana kama kitu kimoja, na dunia nzima ikaziita nyota ya Bethlehemu. Wazo hilo ni la zamani. Johannes Kepler, aliyesomea uchungaji kabla ya kuwa mwanafalaki, aliona sayari hizo zikikutana Desemba 1603, akapiga hesabu kurudi nyuma, akakuta kwamba mwaka wa 7 kabla ya Kristo zilikutana mara tatu ndani ya miezi michache. Kwa kuwa Herode anadhaniwa kufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, mwaka huo unaingia vizuri kwenye hesabu.

Tatizo ni vipimo. Katika mikutano ile mitatu sayari hazikukaribiana zaidi ya nyuzi moja, sawa na miezi mipevu miwili iliyowekwa bega kwa bega. Mtu wa kawaida angeona taa mbili. Na Mathayo hasemi tu kwamba nyota ilionekana. Anasema iliwatangulia mamajusi, ikaenda ikasimama juu ya mahali alipokuwapo mtoto. Jaribu mwenyewe usiku usio na mawingu: chagua nyota iliyo juu ya paa la jirani, kisha tembea hatua mia mbili. Nyota imehamia juu ya paa jingine. Subiri saa moja, imesogea nyuzi 15 kuelekea magharibi, kwa sababu dunia inazunguka. Nyota ya angani haiwezi kuonyesha nyumba, kama vile huwezi kumwelekeza mwendesha boda kwa kumwambia "nishushe chini ya mwezi". Kwa hiyo Mathayo ama anaeleza kitu kisicho nyota tunavyozijua, ama anasimulia kwa lugha yenye kusudi jingine. Kutafuta sayari inayolingana naye ni kazi ya kupendeza, lakini uthibitisho haujapatikana.

Mtunzi anaweza kuishika nyota hiyo kwa mkono tofauti. Mwaka 1955 Arthur C. Clarke, ambaye hakuwa muumini, alichapisha hadithi fupi ya padri Mjesuti aliye pia mwanafalaki. Padri huyu anafika kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka na kuangamiza ustaarabu mzima uliokuwa ukiishi karibu nayo. Anapiga hesabu ya lini mwanga wa mlipuko ule ulifika duniani, na hesabu inampeleka Bethlehemu. Msingi wa kifalaki ni halali: mwanga huchukua muda. Wa jua hutufikia baada ya dakika nane na ushei, na mlipuko ambao Wachina waliuona mwaka 1054 ulikuwa umetokea kama miaka 6,500 kabla ya wao kuuona. Nyota yenyewe ya hadithi ni ya kubuni. Swali inaloliacha kifuani mwa padri, kwamba furaha ya wachungaji iligharimu nini kwingineko, halina darubini ya kulijibu.

Ndoto ya Kepler, jehanamu ya Galileo

Kuna wanaodhani ubunifu ni pambo la pembeni na kwamba kazi halisi ya sayansi hufanywa bila huo. Kepler angewacheka. Kitabu chake *Somnium*, maana yake Ndoto, kilichochapishwa mwaka 1634 yeye akiwa amekwisha kufa, ni hadithi ya kijana ambaye mama yake, mganga wa mitishamba, anamwita pepo awasimulie habari za mwezini. Mapepo husafiri huko kwa saa nne, ndani ya kivuli cha kupatwa, kwa sababu yanaogopa jua.

Nyuma ya mzaha huo kuna hoja kali. Hoja ya watu dhidi ya Copernicus, aliyesema dunia hulizunguka jua, ilikuwa rahisi: dunia ingekuwa inakwenda, tungehisi. Kepler akawapeleka wasomaji mwezini, mahali ambapo kila mtu alikubali kwamba panakwenda. Wakaaji wa huko wanajiona wametulia tuli, na wanaiona dunia ikining'inia juu yao huku ikizunguka. Abiria kwenye teksi ya Masaka anaelewa papo hapo: miti ya Mpigi ndiyo inayokimbia, yeye amekaa. Hoja ambayo hesabu ilishindwa kuipenyeza, hadithi iliipitisha mlango wa nyuma.

Ililipiwa bei. Mama yake halisi, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi mwaka 1615, akafungwa mwaka 1620, akaachiliwa mwaka uliofuata baada ya mwanawe kumtetea. Kepler aliamini nakala ya ndoto ile iliyokuwa ikizunguka mikononi mwa watu ilichochea uvumi, na baadaye akaiongezea maelezo 223 kufafanua kila kifumbo. Kwa mtazamo wake, hadithi iliyosomwa kama ripoti ilikaribia kumuua mzazi wake.

Galileo, mwanafalaki wa Italia, naye alianzia jehanamu. Mwaka 1588, bado kijana anayetafuta kazi, alitoa mihadhara miwili huko Florence kuhusu umbo na ukubwa wa jehanamu ya mshairi Dante, ile iliyo kama faneli kuanzia chini ya Yerusalemu hadi kiini cha dunia. Kulikuwa na mashaka: paa la shimo kubwa hivyo halitaporomoka? Galileo akajibu kwa kufuata uwiano, kwamba kuba dogo lililojengwa vizuri husimama, basi hata kubwa la uwiano uleule litasimama. Alikosea. Chukua boriti, iongeze mara mbili kwa urefu, upana na kimo. Uzito wake umekuwa mara nane, lakini uso wa mkato unaoubeba umekuwa mara nne tu. Ukiendelea kukuza, itavunjika kwa uzito wake yenyewe. Kanuni hiyo aliichapisha mwenyewe mwaka 1638, na wapo wanahistoria wa sayansi wanaoamini mbegu yake ilikuwa lile kosa la jehanamu.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na kesi yake na Kanisa, kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Hakuchomwa moto, ingawa hudaiwa hivyo mara nyingi. Alihukumiwa mwaka 1633 na akaishi kifungo cha nyumbani hadi kifo chake mwaka 1642. Kabla ya hapo, katika barua ya mwaka 1615, alinukuu maneno aliyoyapata kwa kadinali mmoja: nia ya Roho Mtakatifu ni kutufundisha jinsi ya kwenda mbinguni, si jinsi mbingu zinavyokwenda. Kiswahili kinayabeba maneno hayo vizuri ajabu, kwa sababu neno letu ni lilelile moja.

Dante mwenyewe aliweka mlima wa toharani upande wa kusini wa dunia na akaandika kwamba mwenda safari aliona pale nyota nne, akaionea huruma kaskazini iliyonyimwa kuziona. Wasomaji wengi wa baadaye waliziita Msalaba wa Kusini. Kampala haijanyimwa. Katikati ya Mei, kama saa tatu usiku, tazama kusini kuelekea ziwani, nyoosha mkono, panga ngumi tatu kutoka upeo wa macho: zipo hapo. Na Orioni anayetajwa katika Ayubu 38 pamoja na Kilimia, mkanda wake hupita karibu utosini kwa mtu aliyesimama kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu huko Misri, na Uganda itapata sehemu tu, mchana, jua likiwa juu kabisa. Ujumbe wa kusambaza utakuja tena, jiandaeni. Mwezi mwekundu hutazamwa kwa macho makavu bila hatari, lakini jua halitazamwi hivyo hata likiwa limebaki kipande. Filamu ya eksirei, kioo chenye masizi na beseni la maji havizuii miale inayounguza jicho, na jicho haliumi wakati linaungua. Toboa tundu la milimita moja kwenye kipande cha boksi, lipe jua mgongo, na acha mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe umbali wa mita moja. Utapata jua la milimita tisa. Asiye na boksi asimame chini ya mwembe atazame ardhini: kila upenyo kati ya majani hufanya kazi ya tundu lile, na udongo wote utajaa vijijua, kila kimoja kimeumwa upande mmoja kama rolex, ile chapati ya mayai, iliyoonjwa.